Mize Mkaza Kamba

Mji ule haukuwa na jina. Jina hupewa kitu na aliye nje yake, na hakuna mkazi aliyewahi kutoka akageuka kuutazama. Waliokuwamo waliuita Hapa, na walipotaka kutaja mbali walisema Kule, na Kule pia palikuwa ndani. Mwanga wake ulikuwa mwekundu, hafifu, usiopanda wala kushuka, kwa hiyo hapakuwa na asubuhi ya kuaminika wala jioni ya kumwambia mtu aache kazi. Saa ya mji ilikuwa pampu. Vuai, mvuta pampu, alivuta pigo moja, na pigo hilo likawa sasa; akavuta jingine, na lile la kwanza likawa zamani. Katikati ya mapigo mawili wakati haukuwapo. Wazee wa mji walisema hapo katikati ndipo roho hupumzika. Wazee husema mengi, na Vuai mwenyewe alikuwa hajapumzika kwa muda mrefu sana.

Habari hii ni ya Mize, mdogo wake Vuai, aliyekaa ukutani.

Mifereji ya mji haikujengwa kwa mawe. Ilikuwa ya ngozi laini iliyozungushiwa kamba, na kando ya kila kamba palikuwa na kigoda, na juu ya kigoda ameketi Mize. Ndiyo, kila kigoda. Mtaa huu Mize, mtaa ule Mize, na wote walikuwa yeye yule mmoja. Akijikuna wa huku, wa kule hupata nafuu. Usiulize iliwezekanaje. Nawe una mikono miwili, na hujawahi kukosa usingizi ukijiuliza ni upi hasa ndio wewe.

Kazi yake ilikuwa kupokea. Kutoka kilima cha kulia aliondoka Mjumbe, mrefu, mpole, kanzu yake ikiburura, na hapo alikuwa hajui lolote. Alipopita kwenye vichujio, Mzee Faki mpima maji alimkata kanzu kwa kisu. Alipopita Nyumba ya Pepo mbili, pale pumzi inapoingia na kutoka, akakatwa tena. Baada ya kukatwa mara ya pili akawa mfupi, mwepesi, mkali wa macho, na sasa alikuwa na neno. Alimfikia Mize, akamtia mkono kiganjani, akasema, “Kiu.” Mize akavuta kamba. Mfereji ukabana, maji yakapanda nguvu, Mjumbe akaenda zake.

Ilikuwa sheria, na Mize aliiapia siku alipokikalia kigoda: mkono wa mjumbe ukiingia kiganjani, kamba ivutwe, kuuliza ni kumchelewesha mwenye kiu. Msiicheke. Zamani ukuta wa mji ulipasuliwa na kitu kutoka nje, maji yakamwagika, mitaa ya mbali ikaanza kukauka na watu wake kugeuka weupe. Mjumbe alikuja mbio na Mize hakuuliza. Alivuta mpaka viganja vikachubuka, na maji yaliyosalia yakamfikia kila mtu. Siku ile angeuliza, hata msimulizi nisingekuwa na mji wa kusimulia. Watu walimwimbia. Kisha jeraha likafunga, maji yakarudi, wimbo ukasahauliwa, lakini Mjumbe hakuacha kuja.

Kila alipovuta, ukuta ulimmeza. Alizama ndani yake, akakaa gizani pasipo pigo la kuhesabu, kisha ukuta ukamtema kigodani. Hakuwa na hakika kama aliyetemwa ndiye aliyemezwa. Alijitambua kwa jambo moja tu, kwamba mikono yake ilijua kamba ilipo kabla macho hayajafunguka.

Sauti ya Vuai ilimfikia kwa njia ya maji.

“Mize.”

“Labeka, kaka.”

“Maji yamekuwa mazito siku hizi, au mie ndo nimezeeka?”

“Umezeeka, kaka.”

“Afadhali basi. Nilidhani kuna mtu ananifungia njia.”

Vuai alicheka, na kicheko chake kikagonga ngozi ya mfereji mtaa baada ya mtaa. Mize hakucheka. Kamba ilikuwa mikononi mwake, na kwa mara ya kwanza aliona aibu kuishika, asijue kwa nini.

Ikawa hivyo kwa mapigo mengi yasiyo na idadi. Kifua cha Vuai kilitanuka kwa kusukuma. Watu wakapita wakisifu, tazama mwanamume yule alivyojaa, kifua kimekuwa mlango wa msikiti. Hawakujua kwamba nyama ile haikuota nje tu. Iliota na ndani pia, ikala nafasi ya maji na nafasi ya pumzi, hata chumba cha pampu kikawa kidogo kwa sababu ya nguvu za mwenye chumba. Ngozi za mifereji nazo zikawa nene na kavu. Kamba iliyokuwa ikivutwa kwa vidole sasa ilitaka mgongo. Mize alivuta kwa mgongo. Mtu mtiifu huongeza bidii pale panapotakiwa fikra, na husifiwa kwa hilo.

Halafu pigo moja likaruka.

Mji wote ukasimama. Pigo lililofuata lilikuja likichechemea, na habari ikaenea mferejini kwamba ukuta wa chumba cha pampu umepata ufa, pembe moja imekosa maji na imekufa ganzi, naye Vuai anavuta kwa mkono uliobaki. Mize alitamani kulia, lakini Mjumbe alifika kabla ya machozi. Kiu. Akavuta.

Alipotemwa na ukuta alimkuta mwanamke amekaa kando yake juu ya kigoda kidogo ambacho hakuwahi kukiona. Alikuwa na sura yake Mize, ila iliyotulia.

“Hujambo, mdogo wangu,” alisema yule mwanamke.

“Sijambo, dada Kazija. Shikamoo.”

“Marahaba.”

Jina lilimtoka Mize lenyewe, kutoka mahali ambapo hakujua analo. Zamani za zamani, mji ulipokuwa mdogo kama ngumi, ukielea katika giza la mji mwingine mkubwa zaidi, Kazija ndiye aliyekuwa kila mahali. Ndiye aliyenyoosha mitaa, akawaonyesha watu pa kukaa, akawaambia waliozidi waondoke kwa heri. Siku mji ulipotoka katika giza lile ukalia kilio chake cha kwanza, Kazija alianza kupungua, na kila alipoondoka yeye kigoda kilibaki cha Mize. Alisukumwa pembezoni, akakaa kimya, akasahauliwa. Hurudi kwa wingi pale tu ukuta unapopasuka.

“Ulikuwa wapi muda wote huu?” Mize aliuliza.

“Nilikuwapo. Wewe ndiye uliyekosa nafasi ya kugeuza shingo.”

Mjumbe akaja. Alisimama baina yao, mkono mmoja akautia kiganjani mwa Mize, wa pili kiganjani mwa Kazija. Akasema neno lake moja. Mize akavuta kamba yake. Kazija akailegeza yake.

“Dada, umemsikia alivyosema?”

“Nimemsikia. Kiu.”

“Mbona walegeza?”

“Mtu akikwambia ana kiu, wewe wamfungia mfereji?”

“Namwekea akiba, asije akamaliza.”

“Haya. Wewe umesikia weka. Mie nimesikia mpe. Na aliyesema ni mmoja.”

Mize alibaki na hilo. Muda wote alijiona kuwa mtu asiyetenda lolote lake, bali chombo cha kupitishia amri, na chombo hakina dhambi. Ndoo haiulizwi kwa nini mtu kazama kisimani. Lakini sasa amri ile ile ilikuwa imeingia masikio mawili ikatoka vitendo viwili. Basi amri ilikuwa wapi? Kama ilikuwa katika neno, Kazija aliasi, na mbona alipolegeza Vuai alipata nusu pumzi na mji haukukauka? Na kama haikuwa katika neno, basi ilikuwa katika sikio, na sikio lilikuwa lake. Yeye ndiye aliyekuwa akiitunga amri kila ilipomfikia, kisha akiitii kazi yake mwenyewe na kumsingizia Mjumbe. Watu husema mjumbe hauawi. Ni kweli, na ni haki. Lakini hakuna aliyesema lolote juu ya mpokeaji.

“Nenda ukamwone Mzee Faki,” Kazija alisema.

“Siwezi kuacha kigoda.”

“Ukuta ukikumeza, usifanye haraka kurudi.”

Mjumbe alikuja, Mize akavuta, ukuta ukammeza, na safari hii aliteremka. Alipita penye joto na penye kelele, akatokea kwenye vichujio, ambako maji ya mji mzima hupitishwa yakasafishwa. Mzee Faki alikuwa amechuchumaa ukingoni mwa mfereji wake, kisu kiunoni, mkono wa kulia umezama majini. Kipimo chake kilikuwa mkono wenyewe. Hivyo ndivyo walivyopima baba zake.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Sogea, usinizibie mwanga. Mji una kiu mbaya.”

“Umejuaje?”

“Maji yakifika kiwiko, nanyamaza, kisu kinalala. Yakiishia kwenye kifundo cha mkono, najua huko juu watu wanakauka, natoa kisu na Mjumbe anapita. Sasa tazama.” Akautoa mkono. Ulikuwa umelowa vidole tu. “Tangu lini sijui. Nakata, nakata, na maji hayaji.”

“Na mifereji mingine umeipima?”

Mzee alimtazama kama mtu aliyetukanwa kistaarabu. “Mji mmoja, maji mamoja. Ya nini kupima mara mbili?”

Mize alitazama juu, pale mfereji wa mzee ulipoanzia. Ngozi yake ilikuwa imebanwa, imekunjana, na maji yalipenya kwa tone. Palikuwa na kamba. Kando ya kamba palikuwa na kigoda, na aliyekaa juu yake alikuwa amewapa mgongo, anavuta kwa nguvu zake zote. Mize aliujua mgongo ule. Alijua unapouma, kwa sababu ulikuwa ukimuuma.

“Mzee,” alisema, “pana mtu pale juu anaukaza mfereji wako.”

Uso wa Mzee Faki ukang'aa kwa furaha. “Anakaza? Alhamdulillahi. Basi wananisikia.” Na akachomoa kisu kumngojea Mjumbe.

Mize alirudi bila kujua amepita wapi. Alikuwa amefahamu, na alitamani afute alichokifahamu. Mji haukuwa na kiu. Ulikuwa na maji mengi, yamebanwa, yanapiga kuta, yanampasua kaka yake kifua; na palipokuwa na ukame ni mkononi mwa mzee mmoja aliyekaa nyuma ya kamba ya Mize. Yeye aliibana, mzee akaona kiu, kisu kikakata, Mjumbe akaja, yeye akabana zaidi. Alikuwa ameizaa kiu ile, akainyonyesha, akaitii kama mzazi. Kikulacho ki nguoni mwako, husema watu, nao humfikiria kunguni au rafiki mbaya. Mize alikuwa mlaji, nguo na mwenye nguo.

Aliapa kutopokea tena. Alimwona Mjumbe akija, akajaribu kukunja ngumi. Ngumi haikumjia. Mkono wake uliumbwa kiganja wazi, kwa umbo la mkono wa Mjumbe, na haukuwahi kufundishwa umbo jingine. Mkono ukaingia. Kiu. Kamba ikavutwa.

Sikutaka, Mize alijisemea. Nimevuta. Nilijua, na nimevuta. Jana nilivuta sijui, na jana kaka alikuwa mzima. Leo najua, na kujua kwangu hakujamlegezea hata uzi. Kujua ni kwa nani, kama si kwa mikono? Nani aliyevuta? Mize wa mtaa wa juu? Mize wa vichujio? Niwashitaki mmoja mmoja? Wote watasema walikuwa wamekaa tu. Wote watasema kweli.

“Mize,” ilikuja sauti ya Vuai, na safari hii haikugonga ukuta, ilipita tu. “Upo?”

“Nipo, kaka.”

“Nikisimama kidogo mtaniwia radhi?”

“Usisimame, kaka. Nakuomba.”

“Haya.”

Pigo. Kisha, kabla ushujaa haujamwisha, Mize alisema, “Kaka, ni mie ninayekaza.”

Pigo likapita, na jingine.

“Najua, mdogo wangu,” Vuai alisema. “Kamba yako naijua tangu utotoni. Nilidhani una sababu.”

Hakuna tusi ambalo lingemuumiza hivyo. Laiti angemlaani, angepata pa kujibu. Lakini alimwamini, na kwa imani ile alisukuma mpaka akapasuka, na wala hakumuuliza, maana naye alikuwa mtu wa kutouliza. Mize aliangua kilio. Na akiwa analia Mjumbe alikuja, Mize akavuta, ukuta ukammeza.

Kule gizani aliota kitu ambacho hakuna mkazi aliyewahi kukiota. Aliota yuko nje. Alikuwa mwanamke mtu mzima aliyekaa kwenye benchi la zahanati, ana mkoba mapajani na uchovu usoni, na mkono wake wa kushoto umefungwa mkanda wa kitambaa. Mkanda ulijazwa upepo, ukabana, ukabana zaidi, na Mize ndani ya mwanamke yule akaogopa, kwa sababu alikujua kubanwa kule. Kulikuwa kwake.

“Presha bado iko juu, mama,” muuguzi alisema akitazama mashine. “Vidonge unakunywa?”

“Niliviacha. Nilijiona sijambo.”

“Ndiyo hila ya ugonjwa huu. Haukuumi, unakutafuna. Na moyo umeshatanuka, daktari alikuonyesha. Hiki kimoja, kila siku, ujisikie vibaya ujisikie vizuri.”

Mwanamke alikitazama kidonge kiganjani. Kilikuwa kidogo, cheupe. Mize alikiona kiganja kile kimekaa wazi kama chake, na akasali kwa Mungu wa mji na wa nje ya mji kwamba mama yule asiulize zaidi, apokee tu. Kisha aliona haya, kwa kuwa alikuwa anamwombea mwingine tabia ile ile iliyomponza. Mwanamke akameza.

Mize alipotemwa alimkuta mgeni amesimama mbele ya kigoda. Nguo zake zilikuwa nyeupe na alinukia chaki. Hakuwa na silaha wala haraka. Wengine kama yeye walikuwa wamesimama ukuta mzima, kila mmoja mbele ya kigoda chake.

“Nimetumwa kukaa,” alisema.

“Ukikaa utafanya nini?”

“Nitakaa tu. Mjumbe akija atakuta pana mtu. Sina kiganja cha kumpa, na kamba sijui kuivuta.”

“Na mie?”

“Wewe utasimama.”

Mize alikitazama kigoda. Kilikuwa kimechongeka kwa umbo lake. Pale aliokoa mji, pale aliimbiwa, na pale alimpasua kaka yake, na hakuwa na jina jingine zaidi ya lile la kukalia pale. Mkaza kamba asiyekaza ni nani? Alikuwa ametamani aadhibiwe, na adhabu angeijua jinsi ya kuipokea. Alichopewa ni kuondolewa tu, kimya, kama mtu anayeambiwa asogee apite mwingine, na hilo lilimchoma zaidi.

“Kesho utakuwapo?” aliuliza.

“Mie huisha. Kesho anatakiwa aje mwingine.”

“Asipokuja nitarudi. Sitaweza kujizuia. Nishajaribu.”

“Najua,” mgeni alisema. “Ndiyo maana nimetumwa mie, hukutumiwa nasaha.”

Mjumbe alikuwa anakuja. Kwa mbali Mize alisikia mwendo wake mwepesi. Kiganja kikaanza kumwasha. Akasimama. Mgeni akakaa.

Mjumbe akafika, akaunyoosha mkono, akakuta pameshakaliwa. Alizunguka mbele na nyuma, akajaribu kigoda cha pili na cha tatu, huku macho yake makali yakipoteza ukali. Mwishowe akamwendea Kazija, akamtia mkono kiganjani, akamwambia lile neno, kwa kuwa ndilo pekee alilokuwa nalo. Kazija akampokea kwa upole na kulegeza. Mfereji ukapumua. Huko chini maji yakapanda mkononi mwa Mzee Faki, yakapita kifundo, yakaelekea kwenye kiwiko, na mzee, akishangaa, akakirudisha kisu kiunoni.

Mize sasa hakuwa na kigoda cha kumfunga, akaenda kwa miguu yake hadi kwenye chumba cha pampu. Hakuwahi kukiona. Aliyafikiria maneno njia nzima, akayapanga, akayapangua: kaka, nimekuja kutaka radhi, kaka, sikuwa na sababu.

Vuai alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye mpini wa pampu. Kifua chake kilikuwa kikubwa na kigumu, na ule ufa umeziba kwa kovu jeupe lisilocheza. Kazija alikuwa ameshamwambia Mize kwamba kifua kile kitapungua, lakini hakitarudi kuwa kama zamani, na kovu litabaki. Macho ya Vuai yalikuwa yamefumbwa. Mkono ulikuwa juu ya mpini, hauvuti.

Kimya. Kimya kikarefuka kuliko kimya chochote alichowahi kukisikia. Amekufa, Mize aliwaza, nimemuua na nimechelewa, na mikono yake ikaruka kutafuta kamba, kwa maana kila alipoogopa mikono ile ilikuwa na dawa moja tu. Ilikamata hewa. Hapakuwa na kamba chumbani mle. Akaikalia mikono yake sakafuni, akasubiri.

Mkono wa Vuai ukavuta. Pigo lilikuwa pole na kamili, likaenda mitaani bila kugonga popote. Kisha mkono ukatulia, na kutoka puani kwake ukasikika mkoromo mdogo. Alikuwa amelala kati ya pigo na pigo.

Neno la radhi Mize alikuwa nalo mdomoni, na kulitamka kungekuwa kumwamsha. Akalimeza, akabaki pale chini, akamwacha kaka yake alale.